Kuta za Kichochoro cha Balmy

Kila mji mkubwa una uso na una mgongo. Uso wa mji ni zile barabara pana zenye maduka, mabenki, taa na sanamu za watu mashuhuri. Huko ndiko wageni hupelekwa, na huko ndiko fedha za kupamba mji hutumiwa. Mgongo wa mji ni vichochoro. Kichochoro ni njia nyembamba ipitayo nyuma ya nyumba, mahali pa mapipa ya takataka, pa milango ya kuingizia magari na pa nyua za mbao zilizochakaa. Hakuna afunguaye mlango wake wa mbele huko, na kwa hiyo hakuna aonaye kuwa ni wajibu wake kupafagia. Taa ikivunjika hukaa miezi mingi bila kutengenezwa. Waungwana hupita mbio, na wenye kazi za siri hupafanya maskani yao.

Hata hivyo, baadhi ya vichochoro vilivyodharauliwa namna hiyo vimepata kuwa mahali pa picha kubwa za rangi, na picha hizo zimesimulia mambo ambayo hayakupata nafasi katika barabara kuu. Katika insha hii tutaangalia kichochoro kimoja kiitwacho Balmy, katika mji wa San Francisco, jimbo la California, nchi ya Marekani. Ni kifupi sana. Mtu aendaye kwa miguu bila kusimama hukimaliza kwa dakika chache tu. Lakini ili kukielewa yatupasa tuanze mbali kidogo, katika nchi ya Meksiko, kisha tupite katika mji wa Los Angeles, ndipo tufike San Francisco. Katika safari hiyo yote tutakuwa na swali moja mbele yetu: picha iliyochorwa ukutani, penye jua na mvua na pasipo mlinzi, hulindwa na nini?

Nchi ya Meksiko ilikuwa katika vita vya mapinduzi tangu mwaka 1910 hadi mwaka 1920. Vita vilipotulia, watu wengi wa nchi hiyo, hasa wakulima, walikuwa hawajui kusoma. Katika mwaka 1921 José Vasconcelos alifanywa Waziri wa Elimu. Alifungua shule na maktaba, na pamoja na hayo akawaalika wachoraji wazipambe kuta za majumba ya serikali kwa picha zitakazowafundisha watu historia yao. Watatu kati ya wachoraji hao walipata sifa duniani kote, nao ni Diego Rivera, José Clemente Orozco na David Alfaro Siqueiros.

Fikira yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Picha iliyotiwa katika fremu hununuliwa na tajiri mmoja, naye huifungia sebuleni mwake. Picha ya ukutani haibebeki wala haifungiki. Apitaye ndiye mwenyewe. Kati ya mwaka 1923 na mwaka 1928 Rivera alizipamba kuta za jumba la Wizara ya Elimu katika mji mkuu wa nchi hiyo. Alichora wachimba migodi, wafumaji, wakulima na walimu wa shamba, watu ambao kabla ya hapo sura zao hazikuonekana katika majumba ya wakubwa. Lakini yafaa tukumbuke kwamba kuta hizo zilikuwa mali ya serikali. Mwenye ukuta ndiye mwenye neno la mwisho. Jambo hilo lilidhihirika upesi kazi hii ilipovuka mpaka na kuingia Marekani.

Siqueiros alifika Los Angeles katika mwaka 1932. Alikuwa mtu mkali wa siasa, na katika nchi yake alikuwa amekwisha kupata taabu na serikali. Katika Los Angeles palikuwa na njia moja fupi, iitwayo Olvera, katika sehemu ya mji iliyo ya kale kuliko zote. Kwa muda mrefu njia hiyo ilikuwa kichochoro kilichosahauliwa. Katika mwaka 1930 ilisafishwa ikafunguliwa kuwa soko la kuwavutia watalii, lenye maduka ya vitu vya Kimeksiko, nyimbo na mavazi ya rangirangi. Siqueiros akaombwa achore picha juu ya ukuta wa ghorofa ya pili wa jumba moja lililopakana na soko hilo. Ukuta wenyewe ulikuwa na urefu wa mita 25 hivi, na kichwa cha habari alichopewa kilikuwa “Amerika ya Tropiki”. Waliomwita walitazamia kuona miti yenye kivuli, ndege wazuri na watu wenye furaha wakila matunda.

Picha ilipozinduliwa, tarehe 9 Oktoba 1932, watu waliona mambo mengine kabisa. Katikati ya magofu ya hekalu la kale palikuwa na mwenyeji wa asili wa Amerika amefungwa juu ya msalaba wa miti miwili, na juu ya kichwa chake ametua tai, ndege aliye alama ya Marekani. Kandoni walichutama watu wawili wenye bunduki, wamemlenga yule tai. Siku zile zilikuwa za dhiki kubwa ya kazi, na watu wengi wenye asili ya Meksiko walikuwa wakirudishwa kwao kwa garimoshi, hata baadhi yao waliozaliwa Marekani. Picha ile ilisema waziwazi jambo ambalo soko la watalii lilikuwa limelifunika kwa maua na nyimbo.

Siqueiros hakuruhusiwa kukaa zaidi, akaondoka Marekani mwaka ule ule. Haikupita miaka mingi, sehemu ya picha iliyoonekana kutoka njia ya Olvera ikapakwa chokaa nyeupe, na baadaye ukuta wote ukafunikwa. Wapita njia waliofuata hawakujua hata kama palikuwa na picha. Tuuache ukuta huo kwa sasa chini ya chokaa yake, tutaurudia mwishoni.

San Francisco ni mji wa vilima ulio kaskazini ya Los Angeles, kando ya Bahari ya Pasifiki. Mtaa mmoja wa mji huo huitwa Mission, kwa sababu hapo mapadri wa Kihispania walianzisha kituo cha dini katika mwaka 1776. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 mtaa huo ulikaliwa na wafanyakazi waliotoka Ayalandi, Ujerumani na Italia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wengi wa hao walihamia vitongoji vya nje, na mahali pao wakaingia watu wa Meksiko, Nikaragua, El Salvador na nchi nyingine zisemazo Kihispania. Kodi ya nyumba ilikuwa nafuu. Maduka ya mikate, makanisa, magazeti na ngoma za mtaa vikawa vya Kihispania.

Diego Rivera mwenyewe alikuwa amefanya kazi katika mji huo katika miaka ya 1930 na 1931, na tena katika mwaka 1940. Lakini picha zake zilikuwa ndani ya majumba, na moja ilikuwa katika jumba la soko la hisa, mahali ambapo mtoto wa mfanyakazi wa Mission hakuwa na sababu ya kuingia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko walianza kudai haki katika shule, katika mashamba na katika kazi. Pamoja na madai hayo walitaka pia kuona sura zao na historia yao. Katika mwaka 1970 wasanii wa mtaa huo walianzisha nyumba ya maonyesho iitwayo Galería de la Raza, nayo ikawa kiota cha wachoraji wa ukutani.

Kichochoro cha Balmy kiko karibu na hapo, kati ya Barabara ya 24 na Barabara ya 25. Pande zake mbili ni nyua za mbao, kuta za nyuma za nyumba na milango ya kuwekea magari. Katika mwaka 1972 mchoraji Mia Gonzalez aliwakusanya watoto wa mtaa, wakachora picha ya kwanza katika kichochoro hicho. Yafaa tuliangalie jambo hili dogo kwa makini. Picha ya kwanza haikuchorwa na bingwa aliyeitwa kutoka mbali, wala haikuamriwa na waziri. Ilichorwa na watoto waliokuwa wakipita hapo kila siku, katika mahali ambapo wazazi wao waliogopa kuwaacha wacheze.

Karibu na wakati huo wanawake wawili, Patricia Rodríguez na Graciela Carrillo, walichora picha yao katika kichochoro hicho hicho. Baadaye waliungana na Consuelo Méndez na Irene Pérez, wakaunda kikundi kilichoitwa Mujeres Muralistas, yaani wanawake wachoraji wa ukutani. Katika siku zile kazi ya ukutani ilihesabiwa kuwa ya wanaume, kwa sababu ni kazi ya kupanda majukwaa marefu na kubeba vitu vizito. Wanawake hawa walijenga majukwaa yao na kuyapanda wenyewe. Katika mwaka 1974 walikamilisha picha kubwa katika barabara ya Mission, iliyoonyesha maisha ya watu wa Amerika ya Kusini na ya Kati: kina mama na watoto wao, wacheza ngoma, mahindi na wanyama wa milimani. Wako waliowalaumu kwamba picha zao hazikuwa na ngumi wala bunduki. Lakini kwa watu ambao shule na magazeti yalikuwa yamezoea kuwasahau, kumchora mama akiwa sokoni, kwa ukubwa wa ukuta mzima, lilikuwa neno zito la siasa.

Miaka kumi hivi ilipita. Katika Amerika ya Kati vita vilikuwa vimewaka. Katika Nikaragua waasi wa Kisandinista waliipindua serikali katika mwaka 1979, na Marekani ikawasaidia wale waliokuwa wakiipiga serikali mpya. Katika El Salvador, tarehe 24 Machi 1980, Askofu Mkuu Óscar Romero, aliyekuwa akiwatetea maskini, aliuawa kwa risasi alipokuwa akiadhimisha misa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata viliua watu wapatao 75,000 kabla ya amani kutiwa sahihi mwaka 1992, nayo Marekani iliisaidia serikali iliyokuwa ikishutumiwa kwa mauaji mengi ya raia. Katika Guatemala vita vilivyoanza mwaka 1960 vilikuwa vikiwaangamiza watu wa vijijini, hasa wenyeji wa asili.

Wakimbizi wa vita hivyo walifika mtaa wa Mission, kwa kuwa huko ndiko walikokuwa na jamaa na lugha yao. Lakini hawakupokewa na sheria. Katika mwaka 1984, kati ya watu wa El Salvador walioomba hifadhi katika Marekani, hawakufika 3 katika kila 100 waliokubaliwa. Mtu alikuwa akiishi kwa kujificha, akifagia majumba usiku, huku akihofia kurudishwa mahali ambapo ndugu zake walikuwa wameuawa. Mtu wa namna hiyo hawezi kusimama katika barabara kuu akasimulia habari zake. Kichochoro kilimfaa zaidi.

Katika mwaka 1984 mchoraji Ray Patlán, mzaliwa wa Chicago aliyepata kupigana vita vya Vietnam, aliwaita wenzake wakijaze kichochoro cha Balmy kwa picha. Kikundi chao kilijiita PLACA, neno la mitaani la Kihispania lenye maana ya alama ambayo mtu huiacha ukutani ili ijulikane kwamba alikuwapo. Wasanii 36 waliitikia, na kufikia mwaka 1985 walikuwa wamemaliza picha 27. Masharti ya pamoja yalikuwa mawili tu: picha iseme juu ya amani katika Amerika ya Kati, au itukuze utamaduni wa watu wa huko. Kila mmoja alichora kwa mtindo wake.

Msomaji asidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa ya kumwaga rangi tu. Kwanza hapana budi kupata ruhusa, na kichochoro hakina mwenyewe mmoja. Kila ua na kila mlango ulikuwa na mwenyewe, kwa hiyo iliwalazimu kubisha hodi nyumba hata nyumba na kueleza nia yao. Baada ya ruhusa ukuta huoshwa, nyufa huzibwa, na mbao zilizooza hubadilishwa. Kisha hupakwa rangi ya kwanza nyeupe ili rangi za picha zishike. Mchoraji huchora picha ndogo katika karatasi na kuigawa katika viraba; ukuta nao hugawanywa katika viraba vikubwa vya idadi ile ile, na kila kiraba huhamishwa mahali pake. Hivyo hata mtu asiye bingwa aweza kusaidia, na ndivyo majirani walivyoingizwa kazini. Mtu akiisha kushika brashi, hata kwa saa moja, huanza kuuita ukuta huo wake.

Picha mojawapo ya wakati huo, iliyochorwa na Miranda Bergman na O'Brien Thiele, ilidumu katika kichochoro hicho kwa miaka mingi. Jina lake lasema kwamba utamaduni umebeba mbegu ya upinzani, nayo mbegu hiyo huchanua ikawa ua la uhuru. Ndani yake wanaonekana wanawake walioshika picha za jamaa zao waliochukuliwa na askari wasirudi. Mkimbizi aliyepita hapo akielekea kazini hakuhitaji kusoma maelezo. Aliona mambo ya nyumbani kwake.

Mwezi Desemba mwaka 1985 halmashauri ya mji wa San Francisco ilipitisha azimio la kuutangaza mji huo kuwa mji wa hifadhi kwa wakimbizi wa El Salvador na Guatemala, na katika mwaka 1989 jambo hilo likatiwa katika sheria ya mji. Je, tuseme kwamba picha za Balmy ndizo zilizoleta azimio hilo? La, hasha. Makanisa, vyama vya wafanyakazi, mawakili na wakimbizi wenyewe walikuwa wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa historia hapaswi kuupa ukuta sifa iliyo ya watu. Twaweza kusema tu kwamba picha zilikuwa sehemu ya sauti moja na hao. Ziliwafanya majirani wasiweze kusema kwamba hawakujua.

Sasa turudie swali letu. Rangi ya nje ni kitu dhaifu. Jua huila nyekundu na manjano upesi zaidi, unyevu huingia nyuma yake na kuifanya ijikunje kama ganda, na mbao za ua huoza toka chini. Tena wapo vijana wenye makopo ya kupulizia rangi ambao huandika majina yao juu ya kila kitu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao wachoraji wa Mission walilijua hilo. Katika mwaka 1977 Susan Cervantes na mumewe Luis walianzisha chama kiitwacho Precita Eyes, ambacho kilifundisha watoto na watu wazima kuchora kwa pamoja, kikatengeneza picha zilizochakaa na kuwaongoza wageni katika kuta za mtaa. Kuta nyingine zilitengenezwa na wachoraji wale wale waliozichora. Nyingine ziliachwa zife kwa heshima na kuchorwa upya na wengine, kwa sababu habari za mtaa nazo zilikuwa zimebadilika. Vita vya Amerika ya Kati vilipokoma, kuta zilianza kuwakumbuka watu waliokufa kwa ugonjwa wa UKIMWI, na kusimulia safari za watoto wavukao mpaka kuwatafuta mama zao. Uso wa Askofu Romero nao ulichorwa kichochoroni humo.

Mfano huo ulizaa mwingine. Katika mwaka 1992 wakazi sita wa mtaa huo huo walianza kazi kama hiyo katika kichochoro cha Clarion, kilicho kati ya barabara za Mission na Valencia. Kichochoro hicho kilikuwa kikijulikana kwa walevi na wenye kujidunga dawa za kulevya. Tangu hapo mamia ya picha yamechorwa humo, moja juu ya nyingine, kwa kuwa wachoraji wa Clarion hawakuona ubaya wa picha mpya kuifunika ya zamani ikiwa mambo ya kusemwa ni mapya.

Basi mtu aweza kudhani kwamba hadithi yetu imekwisha vizuri. Mahali palipokuwa pachafu pamekuwa pazuri, na wageni kutoka nchi mbalimbali huja kupatazama. Lakini wahenga walisema: kizuri chajiuza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 makampuni ya kompyuta na intaneti yaliongezeka sana katika San Francisco na sehemu za jirani. Watu wenye mishahara mikubwa wakatafuta nyumba, na mtaa wa Mission, wenye hali nzuri ya hewa, chakula kitamu na kuta za rangi, uliwapendeza. Kodi ikapanda. Baada ya mwaka 2010 wimbi la pili lilikuja, nalo lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Wenye nyumba waliona faida ya kuwatoa wapangaji wa zamani, na jamaa nyingi zilizokaa hapo kwa miaka 30 au 40 zikalazimika kuhamia mbali. Picha hazikuwa chanzo cha jambo hilo. Hata hivyo ni kweli kwamba zilitajwa miongoni mwa mambo yaliyoufanya mtaa upendeze machoni mwa wanunuzi. Alama zilizowekwa na maskini ili wajulikane kwamba wapo zikawa pambo la bei ya nyumba ambazo hawakuweza tena kuzilipia.

Kuta hazikunyamaza. Katika mwaka 2007 Sirron Norris alichora katika Balmy roboti kubwa iliyoungwa kwa nyumba za kale za mtaa, imesimama kama mlinzi kuwatetea wenyeji wa Mission. Katika mwaka 2012 Lucia Ippolito na Tirso Araiza walichora humo humo picha iliyoonyesha mtaa ukigeuzwa sura, na wenyeji wake wakilipa gharama ya mageuzi hayo.

Sheria nayo ilijaribiwa. Tangu mwaka 1979 jimbo la California lilikuwa na sheria ya kuzilinda kazi za sanaa zisiharibiwe bila mchoraji kuarifiwa, na katika mwaka 1990 Marekani nzima ikapata sheria ya namna hiyo. Katika mwaka 1998 picha kubwa ya marehemu Jesús Campusano, iliyokuwa katika ukuta mmoja wa Mission, ilipakwa rangi nyeupe na wenye jumba bila kuwaarifu warithi wake. Jamaa zake walikwenda mahakamani, na mwishowe walilipwa dola 200,000. Fedha zililipwa, lakini picha haikurudi. Sheria ilikuwa imelinda haki ya mchoraji. Haikuweza kuulinda ukuta, wala haikuwa na neno lolote juu ya mpangaji aliyekuwa akiitazama picha ile kila asubuhi.

Kwa sababu hiyo wenyeji walitafuta njia nyingine. Katika mwaka 2014 halmashauri ya mji iliitangaza Barabara ya 24 na sehemu za kandokando yake, pamoja na kichochoro cha Balmy, kuwa eneo maalumu la utamaduni wa watu wa asili ya Amerika ya Kilatini. Nia ilikuwa kulinda maduka, vyama na sherehe za mtaa pamoja na picha zake. Ilikuwa hatua nzuri, lakini haikutosha kuzuia kila hasara. Katika mwaka 2018 ile Galería de la Raza, iliyokuwa kiota cha wachoraji, iliuacha mlango wake wa miaka mingi katika Barabara ya 24 kwa sababu ya kupandishiwa kodi.

Tulisema kwamba tutaurudia ukuta wa Los Angeles. Katika miaka ya 1960 jua na mvua zilianza kuibandua chokaa, na picha ya Siqueiros ikaanza kuchungulia. Ilikuwa wakati ule ule ambapo vijana wenye asili ya Meksiko walikuwa wakidai haki zao. Wao walipouona mwili wa yule aliyefungwa msalabani ukitokeza pole pole katika weupe, waliuona kuwa habari yao wenyewe. Wasanii na wataalamu walidai ukuta huo uokolewe. Kazi ya kuuhifadhi ilichukua miaka mingi, na tarehe 9 Oktoba 2012, miaka 80 kamili tangu siku ya kuzinduliwa, picha ilifunguliwa tena kwa watu wote, ikiwa na paa la kuikinga na jukwaa la kuitazamia. Rangi zake hazikuchorwa upya. Zimefifia sana, na mtu huona umbo tu la mambo yaliyokuwapo.

Jibu la swali letu, basi, lapatikana kwa kuziangalia kuta hizi mbili pamoja. Ukuta wa Los Angeles ulichorwa na bingwa mkubwa wa dunia, kwa saruji imara, lakini ulifunikwa upesi kwa sababu waliouhitaji hawakuwa na sauti juu yake. Ulirudi pale walipoipata sauti hiyo. Kuta za Balmy zilianza na watoto na rangi ya kawaida juu ya mbao za ua, lakini zimedumu, kwa kupakwa na kupakwa tena, kwa sababu walikuwapo watu waliobisha hodi, waliopewa ruhusa, walioshika brashi na waliorudi kuziba nyufa. Kwa hiyo picha ya kichochoroni hulindwa kwanza na watu waishio nyuma ya ukuta wake.

Na hapo ndipo palipo na hatari iliyobaki. Yawezekana siku moja kila picha ya kichochoro cha Balmy ikawa safi, imetengenezwa vizuri na kupigwa picha na wageni elfu, huku nyuma ya nyua zile asiishi hata mtu mmoja ajuaye jina la mwanamke aliyechorwa akiwa ameshika picha ya mwanawe aliyepotea. Wakuu wa miji watakao kuvipamba vichochoro vyao wangefanya vyema, kabla ya kununua rangi, kuuliza maswali mawili: ni nani wakaao hapa sasa, na baada ya ukuta kupendeza, je, wataweza kuendelea kulipa kodi yake?